Mama bado yu hai: je, ni uchuro kupanga mazishi yake?

Swali: Shikamoo mama. Ninaishi Uyole na mama yangu, mwalimu mstaafu. Ana saratani ya mlango wa kizazi, na madaktari wametuambia sasa tumtunze nyumbani. Baba alizikwa kwao, juu ya Tukuyu, miaka tisa iliyopita. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, lakini ni mwanamke. Wadogo zangu wa kiume, mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine yuko machimboni Geita, na tayari wanabishana kwenye simu kuhusu ng'ombe na mtu wa kupiga video. Mjomba wa Makete naye ametamka kwamba mahari ya mama haikumalizika. Mimi nina laki sita tu kwenye kikundi. Nianzie wapi, na si uchuro? Tena, ikitokea usiku nimpigie nani kwanza? Mwanangu wa darasa la saba ndiye analala chumba kimoja na bibi yake.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumuuguza mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila nikifika pale kwenye neno uchuro nimekuwa nikisimama, kwa sababu ndilo linalowafunga wengi midomo.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwenye wodi za hospitali za nyanda hizi kwa miaka ishirini na sita, na kanisani kwetu bado ni katibu wa kamati ya mazishi. Nimekaa na familia nyingi zilizokuwa zinasubiri. Sijaona mgonjwa aliyekufa haraka kwa sababu watoto wake waliulizana jeneza litanunuliwa wapi. Nilichoona ni watoto waliokaa kimya miezi mitatu kwa kuogopa uchuro, halafu wakagombana kwa saa tatu mbele ya mochwari, mama yao akiwa ndani. Na wazee wenyewe hawaogopi kama sisi. Fungua sanduku la bibi yeyote wa Rungwe au Njombe, chini kabisa utakuta kitenge ambacho hajawahi kukivaa, au shuka jeupe limekunjwa na karafuu. Ukimuuliza atakwambia ni la nini bila kupepesa macho.

Kwa hiyo anzia kwa mama mwenyewe. Lakini usimuulize, "Mama, tukuzike wapi?" Swali hilo linamfanya mgonjwa aone kwamba mmeshamwondoa. Muulize kuhusu baba. Chagua wakati maumivu yametulia, asubuhi baada ya chai, mkiwa wawili, umwambie: "Mama, siku ile tulipomzika baba, ni kitu gani kilikuuma?" Kisha nyamaza. Hujapata kuona mlango unaofunguka kirahisi namna hiyo. Atakwambia kwamba watu walikula wakamaliza na wajane wakalala njaa. Atakwambia mchungaji alichelewa, au kwamba wimbo aliotaka uimbwe haukuimbwa, au kwamba baba mdogo alimsimamia vizuri na hakumshukuru vya kutosha. Yote atakayosema juu ya msiba wa baba, anakuagiza juu ya wake. Ukishasikia hayo, ndipo uulize kwa upole, "Na wewe ungependa iweje?"

Kuna mama mmoja niliyemhudumia wodini, naye alikuwa na saratani, ya taya. Hakuwa na agizo lolote ila moja: jeneza lisifunuliwe. Uso ulikuwa umeharibika, naye alikuwa mwanamke mzuri ujanani, alitaka kijiji kimkumbuke hivyo. Aliniambia mimi kwa sababu watoto wake kila akianza kusema walimkatiza, "Mama acha hayo, utapona." Nililibeba agizo lile mpaka kwa wanawe. Waliaga jeneza likiwa limefungwa na picha yake ya harusi juu ya kifuniko. Nisingekuwepo, wangewapanga watu mia tatu kwenye mstari wampite wakimtazama.

Kabla sijaendelea na mazishi, nina neno juu ya laki sita yako. Isiguswe kwa ajili ya jeneza wakati mama anapumua. Kwanza ni maumivu yake. Hospitali mliyotoka, waulize huduma ya tiba shufaa, ndiyo huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wagonjwa wenye maradhi mazito, na waulize kama anastahili morfini ya kunywa. Watu wengi wanaisikia morfini wakadhani ni sumu ya kumaliza mgonjwa. Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, inamwezesha kulala na kuongea nawe. Mazishi yatachangiwa na watu. Dawa ya maumivu ya saa nane usiku hakuna atakayekuchangia.

Sasa mahali pa kuzika. Una njia tatu: Tukuyu alipolala baba, makaburi ya mjini Mbeya, au kwao Makete. Kama mama anataka alale ubavuni mwa mumewe, hapo mambo ni mepesi, na kwa desturi za huko ndivyo watu watakavyotarajia, mke kuzikwa kwenye kiwanja cha mumewe, karibu na nyumba, migombani. Kama anataka mjini ili wewe uweze kupalilia kaburi lake, anayo haki ya kutaka hivyo, lakini lazima alitamke mwenyewe mbele ya watu wawili ambao ukoo hautawabishia: mchungaji wenu na baba mdogo. Ukilisema wewe peke yako baadaye, wataona umelitunga. Kama ni Makete, fikiria na barabara: kupanda Isyonje na kupita Kitulo mwezi wa pili, ukungu na mvua, na kosta nzima ya waombolezaji nyuma yako. Sisemi isifanyike. Nasema muijue safari kabla ya kuahidi.

Suala la mjomba ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Wewe umeliweka mwishoni kama jambo dogo. Mahari isiyomalizika ikidaiwa siku ya msiba, inadaiwa mbele ya jeneza, wakati mvua inakaribia, mchungaji anatazama saa na wageni wana njaa. Hapo hakuna anayeweza kujadiliana. Mtatoa chochote watakachotaja, kwa fedha za rambirambi, na wadogo zako watakaa na kinyongo na wajomba zao mpaka uzee. Nimeona kaburi limefunguliwa asubuhi na mtu akazikwa saa kumi na mbili jioni kwa taa za gari, sababu ni ng'ombe wawili wa mwaka 1979.

Limalize sasa. Mwambie baba mdogo aende Makete, au kama hawezi safari amtume mzee mwingine wa ukoo, wakiwa wawili au watatu, na wasiende mikono mitupu: blanketi zito, sukari, na kiasi cha fedha cha kuonyesha kwamba hawakuja kubisha. Wamwambie mjomba kwamba binti yenu anaumwa, tumekuja kuwasalimu, na tunajua kuna neno lilibaki. Mara nyingi kinachodaiwa hasa si fedha, ni kusahaulika. Miaka tisa tangu baba afe, ni nani aliyekwenda kuwasalimu wajomba? Wakikubaliana, waandike nusu ukurasa na waweke sahihi. Na kama mjomba anaweza, aje Uyole amwone dada yake akiwa bado anamtambua. Mtu aliyemshika dada yake mkono kitandani hasimami kudai kaburini.

Nije kwenye cheo chako. Sitakudanganya kwamba ukoo utakusikiliza kwa sababu wewe ndiye uliyemuuguza na ndiye wa kwanza kuzaliwa. Huenda wasikusikilize. Siku ile msemaji wa familia atakuwa mwanaume, na kwa mlivyo, anayefaa ni baba mdogo. Usipoteze nguvu kugombea kipaza sauti. Wewe shika daftari. Mpigie baba mdogo wiki hii, kabla hujawapigia wadogo zako, umwambie, "Baba, hali ya mama ndiyo hii, nakuomba uwe mdomo wetu, mimi nitakuandalia kila kitu." Mzee akiombwa hivyo mapema anakuwa ngome yako. Akiambiwa saa ya mwisho, tena na kijana wa Geita, anakuwa mpinzani wa kwanza.

Na fedha asishike mtu mwenye uchungu. Asishike mdogo wako wa Geita, wala wa Dar, wala wewe. Mtafute jirani au mzee wa kanisa ambaye hesabu zake zinajulikana, namba yake ya simu ndiyo itangazwe, moja tu, ikiwa na jina linalotokea mtu anapotuma. Kundi la WhatsApp la msiba hukusanya namba tatu nne ndani ya saa moja, na nyingine ni za matapeli wanaovizia misiba. Karani mwingine aandike kila kinachoingia: jina, kiasi, na kama ni debe la mahindi au mkungu wa ndizi aandike hivyo hivyo. Daftari hilo halitupwi baada ya matanga. Huku kwetu rambirambi ni deni la heshima. Aliyekuletea mkungu wa ndizi mwaka huu, mwakani utakwenda kwake na cha kwako, na usipokwenda atakumbuka. Nimeona madaftari ya misiba ya miaka ya themanini yakiwa bado yametunzwa kabatini na yakifunguliwa kila jirani anapofiwa.

Kuhusu ng'ombe na video. Mdogo wako wa Geita anataka ng'ombe kwa sababu yuko mbali na hakuuguza, na ng'ombe ndiyo njia anayoijua ya kusema alimpenda mama. Usimcheke wala usimgombeze. Desturi ya ng'ombe wa msiba Unyakyusa ni ya zamani na ina maana yake kwa wakwe na watani. Mpe kazi hiyo kabisa: "Ng'ombe ni wako, mmoja, na usafiri wake ni wako." Ng'ombe wa kienyeji wa kawaida ana kama kilo mia moja za nyama. Kila mtu akipata robo kilo, umelisha watu mia nne, na mazishi ya mwalimu mstaafu kijijini hayazidi sana hapo. Wa pili ni wa sifa tu. Video ningeiacha. Mnaipenda siku ile, halafu hakuna anayekaa kuitazama tena, na mpiga picha anawasukuma wajane kaburini ili apate pembe nzuri. Fulana zenye picha ya marehemu vivyo hivyo. Kama mdogo wako wa Dar anazitaka, alipe mfukoni mwake, zisitoke kwenye daftari.

Nikupe na hesabu ya jikoni, kwa sababu wapishi watakuja kwako na orodha ndefu. Watu mia moja kwa mlo mmoja wanahitaji mchele kilo kumi na tano, au unga wa ugali kilo ishirini na tano hadi thelathini, na maharage makavu kilo kumi. Mpishi akikuandikia mchele kilo arobaini kwa watu mia, muulize kwa adabu hao wengine ni akina nani. Tukuyu ndizi zitaletwa na majirani bila kuombwa, kwa hiyo usinunue mjini. Kuni, chumvi, mafuta na maji ndivyo vinavyosahaulika. Na watengeeni chakula mama zako wadogo walio ndani, wale wanaolia chini kwenye mkeka, maana wao hawatoki kwenda kupanga foleni.

Kila siku mnayosubiri ina sufuria zake. Ndiyo maana siku ya kuzika isitangazwe na mtu yeyote mpaka mambo matatu yajulikane: mtoto wa mbali anafika lini, mchungaji yupo lini, na kaburi litakuwa tayari lini. Wa Dar, kwa basi ni kilomita zaidi ya mia nane, na tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo akipata habari mchana anaweza kuwa Uyole kesho yake. Kuna ndege pia ya kutua Songwe kama ana uwezo. Wa Geita msimhesabie chini ya siku mbili. Mama akifa Jumatatu, semeni Alhamisi, na msirudi nyuma. Familia zinazosema Jumatano, kisha Alhamisi, kisha Jumamosi, ndizo zinazomaliza rambirambi yote kwenye chai na mikate.

Saa nayo ni jambo. Sasa mvua zinaanza, na Rungwe unaijua: asubuhi jua, mchana mawingu yanashuka kutoka mlimani, saa tisa maji. Ibada ianze saa nne asubuhi, kaburini muwe saa saba. Udongo wa Tukuyu ni wa volkano, mlaini na mzito ukilowa, kingo za kaburi hubomoka. Waambieni vijana wachimbe mfereji mdogo kuzunguka ili maji ya juu yasiingie, na turubai liwe tayari la kufunika. Wazee wengi hawapendi kaburi lilale wazi, kwa hiyo huchimbwa alfajiri ya siku yenyewe. Ikiwa mnataka kulijengea kwa tofali na zege ndani, semeni mapema na baba mdogo, maana zege haliwezi kumwagwa asubuhi likabeba uzito mchana. Vifuniko vya zege hutengenezwa siku kadhaa kabla na kuletwa vikiwa vimekauka.

Vipimo vya kaburi vitoke kwenye jeneza, tena vipimo vya nje, pamoja na vishikio. Nilishuhudia jeneza likikwama katikati, kamba zimekaza, mvua inanyesha, likavutwa juu tena, vijana wakashuka kupanua huku watoto wa marehemu wamesimama pale pale wanatazama. Sitaki uyaone hayo. Fundi akishamaliza, apige simu kwa wachimbaji mwenyewe awatajie urefu na upana. Na majeneza, nenda wiki hii kwa mafundi wawili tofauti uulize bei na siku wanazohitaji. Kuuliza bei hakumuui mtu. Mbao za msonobari zimejaa kutoka Mafinga na Njombe, jeneza zuri la kawaida halihitaji kuagizwa mbali.

Karatasi. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu mama atafia nyumbani, na kifo cha nyumbani kina njia yake. Tunza kwenye bahasha moja karatasi za hospitali zinazoonyesha ugonjwa wake na kwamba mliruhusiwa kumtunza nyumbani, pamoja na kitambulisho chake cha taifa. Akifariki, mwenyekiti wa mtaa ajulishwe, na mtendaji aandike barua. Kwa barua hiyo na karatasi za hospitali, mochwari itampokea bila maswali mengi. Mkiwapelekea mwili bila kitu mkononi, wana haki ya kuuliza amekufaje, na pengine mtaelekezwa polisi kwanza, na siku nzima imekwisha. Gari linapoondoka kwenda Tukuyu, nakala za karatasi zikae kwa dereva wa gari lenye mwili, zisikae kwenye mkoba wa mtu aliyepanda kosta ya nyuma.

Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku thelathini, na cheti kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia ofisi ya wilaya. Usisubiri arobaini ipite. Kagua majina. Mama zetu wana jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la mume. Kwenye kadi ya hospitali ni Maria, kwenye kitambulisho ni Tusekile, kwenye pensheni ni Mama fulani aliyeandikwa na karani wa mwaka 1982. Mkiona tofauti sasa, mama mwenyewe anaweza kuapa hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni yake, na hilo ni jambo la siku moja. Akishafariki, mtahangaika miezi. Pensheni yake, mfuko ujulishwe mara baada ya mazishi. Msiendelee kuchukua fedha kwa kadi yake kwa kusema ni za matumizi ya msiba, maana zitadaiwa. Wakati huo huo waulizeni haki za wategemezi wa mstaafu. Hali kadhalika fedha zilizomo kwenye simu yake: namba ya siri unayoijua wewe kama mwuguzi isiwe ya kuhamisha fedha usiku ule. Zitaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba.

Kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi kifanyike siku ya pili baada ya kuzika, kabla wa Geita hajapanda gari. Wote wako pale. Muhtasari uandikwe, wote watie sahihi, ndio utakaopelekwa mahakamani. Siku yenyewe ya kuzika msizungumze mali, isipokuwa lile tangazo la kawaida la baba mdogo kwamba anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia.

Wasifu wa mama uandike sasa, na mama akusaidie. Ni mwalimu, atafurahi. Atakutajia shule zote alizofundisha na miaka yake, jambo ambalo nyie hamlijui hata nusu. Hakikisha watoto wote wametajwa, wakiwemo waliotangulia mbele ya haki na yule aliyezaliwa kabla ya ndoa kama yupo. Kijana mmoja aliwahi kusimama kaburini, karatasi imeshasomwa, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Na mimi?" Hakuna aliyejibu. Mpaka leo ukoo ule haujakaa pamoja.

Fedha zikipungua, na huenda zikapungua, punguzeni kosta, viti vya kukodi, maua. Msikope. Zaidi ya yote msikope kwa wale wa kausha damu, ambao watakupa laki tano kwa nusu saa na kuanza kukudai kabla udongo haujakauka. Mama aliyelipwa mshahara wa ualimu miaka thelathini asiwaachie wanawe deni la turubai. Kikundi chako, kanisa, walimu wenzake, mtaa: wajulishe viongozi wao mapema kwamba mama yuko hatua hii. Watajipanga kimya kimya, na wengine watakuja kumwona akiwa hai, ambayo ni rambirambi bora zaidi.

Nimebakiza usiku. Ikitokea usiku, usimpigie mtu yeyote kwa robo saa. Kaa naye. Mfumbe macho, mfunge kidevu kwa kitambaa laini kinachozunguka kichwa, mnyooshe mikono na miguu, kwa sababu kati ya saa mbili na nne baadaye mwili huanza kukakamaa, na kumnyoosha wakati huo ni mateso kwenu. Vaa glovu kama ana vidonda. Kisha mwite mama mmoja wa jirani, ambaye umeshamwomba tangu sasa, aje kimya bila kupiga yowe, mmuoshe pamoja. Ndipo umpigie baba mdogo. Kisha mchungaji na mwenyekiti wa mtaa, halafu wadogo zako, mmoja mmoja, kwa sauti yako, na kwa wa Geita hakikisha kwanza hayuko shimoni na kuna mtu karibu naye. Mjomba wa Makete apigiwe na baba mdogo usiku huo huo, asisikie kwa watu. Kundi la WhatsApp lisubiri mpaka hao wote wajue. Asubuhi inatosha.

Lakini kabla ya baba mdogo, kabla hata ya jirani kuingia, yuko huyo mtoto wa darasa la saba. Kama amelala, mhamishe asiamkie hapo. Kama ameamka, usimpeleke kwa jirani na kumwambia bibi amelala. Mketishe kitandani kwako, umwambie kwa maneno hayo hayo, bibi amefariki, na umuulize kama anataka kuingia kumwona. Akitaka, ingia naye umemshika mkono. Akikataa, usimlazimishe wala usiwaache wajomba zake wamlazimishe baadaye. Ayasikie kutoka kwako, kabla hajaona watu wakianza kutoa makochi sebuleni.